Mashine Iliyofiwa

Katika Mukurweini nzima hakuna anayekijua kisa cha mashine ya Ngatia kama mimi. Waliokijua vizuri zaidi wamekwisha kufa wote, ndiyo maana siku hizi nasema kwa sauti.

Ngatia alikuwa mzee wa wake wawili na mashine moja, na watu walisema kwamba kati ya hao watatu, mashine ndiyo pekee iliyokuwa haimjibu. Aliinunua wakati Wazungu wa upande wa Nanyuki walipokuwa wakifunga masanduku yao. Ilikuwa injini ya dizeli, nyeusi, nzito kama ndovu aliyelala, pamoja na kinu chake cha kusagia mahindi. Ililetwa kwa lori, na juu ya lori alikuwa ameketi Gicheru, mtu mzima mwenye ndevu, aliyeiendesha kule kwa Mzungu miaka mingi. Hakuna aliyemwita Gicheru aje. Alikuja nayo tu, kama kupe anavyokuja na ng'ombe, na Ngatia akampa kazi.

Ili mashine ije, ng'ombe wawili wa Wakonyo, mke wa kwanza, walikwenda sokoni na hawakurudi. Murugi, mke wa pili, alichangia ushauri. Wakonyo hakusahau jambo hilo. Mwanamke husahau uchungu wa kuzaa, lakini ng'ombe wake aliyeuzwa hamsahau. Kila mashine ilipoanza kunguruma asubuhi, yeye akiwa anapalilia viazi, alisikia ng'ombe wake wawili wakilia humo ndani, akafurahi kidogo, akaendelea kupalilia.

Na ilinguruma kweli. Gicheru aliipiga hendeli, ikakohoa, ikatema moshi, halafu ikaanza: tuku, tuku, tuku. Ngatia alikuwa ameuvisha mdomo wa bomba la moshi mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ili sauti ipande hadi ng'ambo ya pili ya bonde na watu wajue leo kuna kusaga. Watu wa ng'ambo walijua, hata wale wasiokuwa na mahindi.

Miaka mitatu baada ya Uhuru, Ngatia akashikwa na kifua. Alilala wiki nzima katika nyumba ya Wakonyo, iliyokuwa imepakana na nyumba ya mashine, ukuta kwa ukuta. Mchana kutwa mashine ilipumua upande ule na Ngatia akapumua upande huu, na Wakonyo, akiwa ameketi kwenye kigoda na bakuli la uji uliopoa, wakati mwingine hakuweza kutambua ipi ni ya nani.

Alfajiri moja Ngatia akaita wake zake wote wawili. Mashamba na kahawa alikuwa ameshawagawia wana wake, kwa hivyo hakuwa na maneno mengi.

"Kilicho na pumzi katika boma hili ni cha Wakonyo," akasema. "Kisicho na pumzi ni cha Murugi. Msigombane."

Kisha pumzi yake mwenyewe ikakatika, isiwe ya yeyote.

Sasa, kwetu neno la mtu anayekufa halina rufaa. Kesi ya shamba unaweza kuipeleka Nyeri kwa hakimu, ukishindwa ukaipeleka mbele zaidi. Lakini aliyekufa utampeleka wapi? Ukilivunja neno lake, laana yake inawangoja wajukuu wako njiani kama siafu.

Asubuhi hiyo hiyo waombolezaji walianza kuingia, na waombolezaji hula. Wanawake wakaleta mahindi, Gicheru akavua koti, akashika hendeli. Wakonyo, akiwa ndani kando ya marehemu, akamsikia akitema mate mikononi. Hizi pumzi mbili zilikuwa zimekwenda pamoja wiki nzima. Moja imenyamaza, na hii nyingine inataka kuendelea kama kwamba hakuna lililotokea! Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye migomba, akaingiza mkono nyuma ya pipa la dizeli. Huko kulikuwa na mfereji mdogo wa shaba, koki ya kupitishia dizeli, ambao Gicheru hakuwahi kuugusa wala kuuona, kwa sababu ulikuwa umefichwa na ukuta na ulikaa wazi siku zote. Gicheru aliizima mashine kwa kuinua kiwiko cha chuma kilichokuwa juu. Wakonyo akaufunga kwa vidole viwili, kama mtu anayemziba mtoto mdomo asipige kelele mbele ya mgonjwa. Akarudi ndani, akalia.

Gicheru alizungusha hendeli mpaka shati likamganda mgongoni. Mashine ilisema "puh," ikanyamaza. Akapumzika, akazungusha tena. Akaketi chini. Waombolezaji wakala githeri ya mahindi mazima na ndizi za kuchemsha, wakamzika Ngatia vizuri, na wajane wakanyolewa nywele kama ilivyo desturi. Jioni ya siku ya kunyolewa, Wakonyo akapita tena kwenye migomba na kufungua mfereji. Kesho yake mashine ikawaka kwa mzunguko wa kwanza.

Yeye hakuliona kuwa jambo. Lakini watu wana midomo, na kiganja hakifuniki bonde.

"Hata mashine imefiwa," wakasema. "Ilikataa kula mpaka mjane akanyolewa."

Neno hilo lilipofika Othaya na kurudi, Wakonyo alikuwa shambani. Akasimama wima, jembe mkononi. Kitu kinachoomboleza, akawaza, kitakosaje pumzi?

Mpaka hapo mgao ulikuwa umekwenda kwa amani ya kutosha. Ng'ombe, mbuzi na kuku walikwenda kwa Wakonyo. Nyumba ya mabati, baiskeli, taa, koti la baridi na viti vilikwenda kwa Murugi. Mayai yalileta shida siku mbili, kwa sababu Murugi alisema yai halina pumzi, na Wakonyo akasema ngoja wiki tatu uliulize tena. Wakakubaliana kwamba yai likiwa chini ya kuku ni la Wakonyo, likiwa kwenye sufuria ni la Murugi, na tangu siku hiyo hakuna yai lililotulia. Nyuki nao walikuwa wa Wakonyo na mizinga ilikuwa ya Murugi. Hilo waliwaachia nyuki waamue, na nyuki, wakiwa na akili, wakahama.

Mashine ilikuwa imebaki kwa Murugi bila mtu kuuliza. Sasa Wakonyo akauliza.

"Ati inapumua?" Murugi akacheka, kichwa chake kilichonyolewa kikimeta juani. "Basi hata sufuria inayochemka niletee. Utaipa jina la nani, dada yangu? La mama yako?"

"Cheka," akasema Wakonyo. "Niko na wazee."

Ukweli ni kwamba Wakonyo hakutaka mashine kwa ajili ya faida yake. Alikuwa anaona picha moja tu, na picha hiyo ilimfukuzia usingizi: yeye, na debe la mahindi kichwani, amepanga foleni mlangoni, na mke mwenziwe ameketi ndani kwenye kiti cha Ngatia akimwambia, "Ngoja zamu yako." Afadhali angetafuna mahindi mabichi mpaka ajiunge na Ngatia.

Wazee wakaja. Mkubwa wao alikuwa Theuri, wa rika la Ngatia, mtu mwembamba aliyekuwa akifumba macho anaposikiliza, hata wajinga wakadhani amelala. Wa pili alikuwa Moffat, mzee wa kanisa, aliyekuja na Biblia kwapani. Walikuwapo wengine wawili, waliokuja kwa ajili ya mbuzi. Kwa desturi kila mwenye kesi huleta cha kuliwa. Wakonyo alileta beberu. Murugi, ambaye hakuwa tena na kitu chenye pumzi, alileta kibuyu cha pombe ya muratina. Wakaketi mbele ya nyumba ya mashine, wakaamuru iwashwe ili mshtakiwa aonekane.

Gicheru akaipiga hendeli. Tuku, tuku, tuku. Mkebe ukaruka juu ya bomba.

"Mnaona?" Wakonyo akapaza sauti. "Inavuta, inatoa. Inakunywa maji, inakunywa dizeli, inakula mahindi. Ikifanya kazi inapata joto. Ikishikwa na baridi asubuhi inakohoa kama wewe, Mzee Moffat."

Theuri akaonyesha kwa fimbo izimwe. Gicheru akainua kiwiko, ikanyamaza.

"Mungu alimfanya mtu kwa udongo," akasema Moffat, "akampulizia puani pumzi ya uhai. Hii ilipuliziwa na nani? Na Mzungu? Haina roho."

"Mbuzi ana roho?" akauliza Wakonyo.

"Mbuzi hana roho ya kwenda mbinguni."

"Na mbuzi ni wa nani katika boma hili?"

Moffat akatazama Biblia, kisha akamtazama yule beberu, aliyekuwa tayari kwenye makaa. "Ni wako," akasema.

"Basi tuiache roho."

Wale wawili waliokuja kwa ajili ya mbuzi wakacheka. Murugi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa sokoni, aliyezoea kuacha mnunuzi aseme kwanza.

"Wazee," akasema, "moto nao unakula kuni. Ukinyimwa hewa unakufa. Tena unazaa: ukichukua kijinga kwangu, kesho na kwako kuna moto. Mbona Wakonyo hakudai jiko langu? Hii mashine mimi sijaona ikizaa. Imekaa hapa tangu ije, haijazaa hata cherehani."

"Wachuka yule jirani yetu hakuzaa," Wakonyo akajibu, "na alipokufa tulimzika, hatukumuuza kwa vyuma kuukuu. Maksai naye anazaa?"

"Maksai anatembea."

"Mgomba hautembei na uko hai."

"Basi na mgomba uchukue! Kila siku unaniambia una pumzi, una pumzi. Jioni Gicheru akiinua kile kiwiko inakufa kabisa, baridi kama jiwe, mpaka ipigwe hendeli. Umeona ng'ombe wa kupigwa hendeli?"

"Nimeona mume wa kupigwa hendeli," akasema Wakonyo. "Wetu asubuhi alikuwa hivyo hivyo."

Hata Moffat alicheka hapo. Theuri peke yake alikuwa bado amefumba macho.

"Haya ya kula na kunywa ni ya nje," akasema polepole. "Hata mvukuto wa mhunzi unavuta na kutoa, na hakuna anayeusalimia. Mimi nasikia jambo moja tu lenye uzito. Inasemekana siku Ngatia alipotuacha, hii kitu ilijua. Kinachojua kwamba mwenzake hayupo, hicho kiko hai, hata kama kimetengenezwa Uingereza. Kisichojua ni mvukuto. Kesi imesimama kwa mguu huo mmoja. Mke wetu Wakonyo, asubuhi ile kuna mtu aliyeigusa?"

"Nani aiguse, Mzee? Mimi nilikuwa ndani nalia. Na mambo ya vyuma mimi siyajui. Hata kufuli ya ghala hunifungulia Gicheru."

Alisema vizuri, na sauti ikatetemeka mahali pake. Halikuwa kosa lake kwamba kulia kulikuwa kweli na mengine hayakuwa. Kusema haki, alipokuwa akisema alijiamini nusu. Wiki ile yote pumzi mbili zilikuwa moja. Nani aliyeweza kuapa kwamba mashine, kama ingeachwa, isingenyamaza yenyewe? Yeye aliisaidia tu, kama unavyomsaidia mtoto kulia kwenye msiba wa babu yake kwa kumfinya kidogo.

Gicheru akaitwa. Akavua kofia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

"Nilizungusha, wazee. Mimi hii mashine naijua kuliko mke wangu, na ndiyo maana sina mke. Dizeli ilikuwamo kwenye pipa. Maji yalikuwamo. Ilikataa tu. Halafu si mara ya kwanza kuonyesha moyo."

"Eleza," akasema Theuri.

"Siku iliyochukua hiki kidole, Ngatia alikuwa amekwenda Karatina. Mkanda ulitoka ukanivuta, nikaona damu, nikaanguka kama gunia. Ilikuwa inanguruma kwa nguvu zote. Nilipozinduka ilikuwa kimya. Hakuna aliyeinua kiwiko. Nilikikuta chini vile vile. Ilinyamaza yenyewe. Iliona aibu."

Watu waliozunguka wakaguna. Mwanamke mmoja akasema "ũũi" na kushika shavu. Theuri akafumbua macho, akaitazama mashine kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe. Wakonyo akaona debe likishuka kichwani mwake na foleni ikiyeyuka mlangoni. Alikuwa ameshinda, na hata beberu hajaiva.

"Kwa hivyo ilijua," akasema Murugi.

Alisema taratibu, kama mtu anayechagua nyanya.

"Ilijua nini?" akauliza Wakonyo.

"Ilijua imemuuma mtu. Mzee Theuri, naomba kufundishwa, mimi ni mdogo. Shoka langu likimkata mtu aliyelishika mwenyewe, nalipa?"

"Hulipi. Shoka halina akili."

"Na ng'ombe wangu akimpiga mtu pembe?"

"Unalipa. Mwenye mnyama hulipa."

"Asante," akasema Murugi, akaketi.

Mmoja wa wale wawili waliokuja kwa ajili ya mbuzi akaamka kabisa. "Kidole ni mbuzi wangapi siku hizi?" akauliza, akijisogeza mbele.

Gicheru aliinua mkono wake akautazama, na ilionekana wazi kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria pale palipokosekana kidole pangeweza kukaa mbuzi. Wakonyo naye aligeuka kutazama zizi. Alikuwa anawajua mbuzi wake mmoja mmoja. Yule mwekundu mwenye sikio lililokatika. Yule anayekula nguo. Majike wawili wenye mimba. Ngatia amwachie chenye pumzi, halafu pumzi hizo zilipie kidole cha mtu aliyekuja juu ya lori bila kuitwa!

"Haikumuuma kwa kusudi," akasema haraka. "Ni ajali tu."

"Ilijua kufiwa," akasema Theuri, "ilijua kuona aibu. Kuuma peke yake ndiko ilikokuwa haijui?"

"Haina ubaya, Mzee!"

"Hata mwenye ng'ombe wa pembe husema hivyo hivyo."

"Haina ubaya, nakwambia!" Wakonyo alikuwa amesimama sasa, shuka limemteleza begani. "Mimi nilikuwapo! Huyu Gicheru alikuwa amelala pale chini anakoroma kama mlevi wa Krismasi, hajui la mbele wala la nyuma, halafu anawaambia ati aibu. Aibu gani? Ingekuwa na ubaya ingeacha kirahisi vile? Niliingiza mkono nyuma ya pipa nikafunga kile kijifereji, hivi, vidole viwili tu, ikakohoa kidogo ikalala. Mwanambuzi hatulii namna hiyo! Ni kitu kipole. Ukiifunga inafungika, ukiifungua..."

Hapo akaacha.

Beberu alikuwa akidondosha mafuta kwenye makaa, na mafuta yalisikika. Murugi alikuwa akiondoa uzi kwenye leso yake, kwa uangalifu mkubwa, asimwangalie mtu.

Gicheru aliingia kwenye nyumba ya mashine. Wakamsikia akisukuma vitu, akipiga magoti. Alikaa huko kama mtu anayesali. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye ndevu, na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mkewe wa miaka mingi ana jina jingine.

"Kuna mfereji," akasema.

"Mke wetu," akasema Theuri, kwa upole kabisa, "hebu turudi nyuma kidogo. Asubuhi ile, Ngatia amelala ndani na watu wanangoja unga. Mashine ilikataa yenyewe?"

"Yenyewe," akasema Wakonyo. "Mimi mambo ya vyuma siyajui."

"Ndiyo. Umesema. Na huo mkono?"

Wote wakautazama, na mwishowe yeye mwenyewe akautazama. Ulikuwa bado juu, mbele ya kifua chake, kidole gumba na cha pili vimeshikana, vikizungusha taratibu, kushoto kwenda kulia, mfereji ambao haukuwapo.